Tulivyofanywa Mteja Mmoja

Jina langu sitaliandika hapa, na si kwa siri yoyote. Hata nikiliandika halitakusaidia. Kwa lugha ya kwetu linasema nilizaliwa jioni, saa ya ng'ombe kurudi bomani. Sasa fikiria mwenyewe. Hapa Uasin Gishu ng'ombe wanarudi bomani kila jioni, na wanawake wanazaa kila jioni. Ukisimama stendi ya Eldoret ukaita hilo jina, wanaume watageuza shingo kama mbuzi waliosikia mtikiso wa chumvi. Ukiongeza jina la baba, hujapunguza kitu, maana baba alizaliwa wakati wa mvua, na kwetu mvua haijawahi kuwa jambo la ajabu.

Tumezoea. Hospitalini nesi akiita, tunasimama wanne na kuanza kuulizana nani ameugua nini. Nimewahi kudungwa sindano ya mtu mwingine, na nilipona, ingawa sijui nilipona nini. Redio ikitangaza vifo asubuhi, mimi nimeshasikia kifo changu mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na bado nanywa chai yangu mpaka mwisho kabla sijauliza ni yupi. Kwa hivyo usinifikirie mtu anayelia kwa sababu ya jina. Ninachosema ni kwamba alikuja kijana mmoja kwenye ushirika wetu wa maziwa, akatuangalia sisi wenye jina moja, akasema sisi ni uchafu.

Ushirika wenyewe uko senta, ukitoka Cheptiret unaingia ndani kidogo. Ni nyumba ya mabati, tanki la kupozea maziwa, na ofisi yenye pazia ambalo halijawahi kufuliwa. Hapo unauza maziwa, unachukua chakula cha ng'ombe, na ng'ombe wako akiwa na joto unaitisha mpandishaji, yule anayekuja na mbegu ya dume la gredi, la kizungu, kwenye mtungi wa baridi.

Karani wa zamani alikuwa mtu mvivu. Sitamsifu leo eti kwa sababu amestaafu. Alikuwa anakula nyama juu ya daftari la wanachama mpaka ukifungua ukurasa wako unanukia mbuzi. Namba ya kitambulisho alikuwa haandiki, anasema ataandika kesho. Siku ya kuzaliwa aliwaandikia wazee wote tarehe moja Januari, na hapo simlaumu sana, maana hata serikali ilitufanyia hivyo. Namba ya simu tulimpa ya kioski, kwa sababu siku zile kioski ndicho kilikuwa na simu. Lakini kijiji chetu kina wanaume watatu wenye jina langu lote, la kwanza na la baba, na tulikuwa tunamsumbua kila siku. Basi kwa uvivu wake, ili tumwachie nafasi ya kula, akatuandika kando ya jina: huyu wa Redio, huyu wa Gumboot, huyu wa Kanisa. Wa Redio ndiye mimi, nilikuwa naibeba shingoni nikipeleka maziwa. Wa Gumboot hajavaa kiatu kingine tangu aoe. Wa Kanisa ni mzee wa kanisa, na atakukumbusha usipomuuliza.

Kompyuta ilipoletwa, maneno hayo yaliingizwa kama yalivyo, na tukaendelea kuishi.

Halafu wakaleta afisa wa data. Kijana amevaa viatu vilivyochongoka mbele kama mdomo wa kunguru. Amesoma chuo, sijui kipi, nadhani vyote hutoa viatu vya aina hiyo. Alikaa ofisini siku kadhaa bila kuuliza mtu yeyote kitu chochote. Hilo ndilo lililonifanya nimdharau mapema, kabla hajanikosea. Mtu aliyetumwa kujua watu, anafunga mlango ili watu wasimsumbue. Mimi shule niliacha darasa la nne. Mwalimu alinipeleka nikachunge mbuzi wake, na mbuzi walikuwa wanaeleweka zaidi, lakini hata mimi najua kwamba kama unataka kumjua mteja unamuuliza mteja.

Siku ya mkutano mkuu tuliketi nje, kila mtu na soda na nusu ya mkate. Mwenyekiti wetu ni mtu anayependa Kiingereza kama vile kuku anavyopenda barabara. Atakiingia tu, hata kama hajui atatokea wapi. Kijana alisema neno lake la Kiingereza, mwenyekiti akalitafsiri.

"Wanachama, mfurahi," akasema. "Afisa wetu amesafisha sistimu. Ameondoa mapacha wote."

Watu wakapiga makofi, maana walikuwa na soda. Mama mmoja wa upande wa mto akasimama.

"Bwana mwenyekiti, mimi nimezaa mapacha. Wote wawili wanaleta maziwa hapa. Mmewaondoa mkawapeleka wapi?"

"Mama, kaa chini. Si hao mapacha."

"Ni wapi wengine? Mimi sina wengine."

"Ni mapacha ya kompyuta, Mama."

"Kumbe kompyuta ilizaa," akasema, akakaa, akaendelea na mkate wake. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Ikabidi kijana asimame mwenyewe. Alisema kuna watu wameandikwa mara mbili, mara tatu. Jina moja, baba mmoja, siku moja ya kuzaliwa, simu moja, kijiji kimoja. Kompyuta ikiona hivyo inajua ni mtu mmoja, kwa hivyo amewaunganisha. Tena ametoa maneno yasiyofaa.

"Kwa mfano," akasema, "mtu ameandikwa Gumboot. Hiyo ni data chafu."

Wa Gumboot alikuwa ameketi mbele yangu. "Mimi huziosha kila siku," akasema, polepole, kama mtu anayemweleza daktari.

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa nimeshika soda kwa mkono mmoja na mkate kwa mwingine, na pia sikuelewa. Nilifikiri wanazungumza juu ya watu wengine. Ndivyo tulivyo. Mtu akitukanwa mkutanoni tunageuka kuangalia ni nani.

Hilo neno safi limeharibu watu wengi. Mama watoto ana dada yake aliyeolewa Nairobi, akarudi kututembelea, akakuta vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vimepangwa ukutani, ndani vyeusi kwa mkaa. Akavichukua akaviosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka vikang'aa. Alikuwa anatusaidia. Maziwa yaliyowekwa humo hata mbwa aliyaangalia akaenda kulala. Kibuyu tunakisafisha kwa kukipaka mkaa, na ule weusi ndio usafi wenyewe. Yule dada mpaka leo anasimulia huko kwake kwamba alitukuta na vyombo vichafu.

Turudi kwa ng'ombe, maana bila ng'ombe nisingekuwa na maneno haya yote.

Nyumbani tulikuwa na mtamba mmoja wa gredi, mweusi mwenye paji jeupe. Mama yake alitoka kwa baba mkwe, kule ng'ambo ya Turbo; mama watoto ndiye alipewa, siku ya harusi ya mdogo wake. Yule ng'ombe mama alikufa, akabaki huyu tu. Na huyu alikuwa anakataa kushika mimba. Anapandishwa, tunangoja, anarudia joto. Anapandishwa tena, anarudia. Ng'ombe asiyezaa anakula kama anayezaa, na mdomo wangu ni mwepesi. Nilikutana na mnunuzi wa kichinjio mbele ya watu nikamwambia, "Safari ijayo ndiyo ya mwisho. Pita mwezi mmoja baadaye. Ukimkuta amerudia, au hajapandishwa, njoo na kamba." Watu wakasikia. Nikamwambia mama watoto pia. Alichukua ndoo akaenda kukamua wengine, na mlango wa zizi aliufunga kwa nguvu kuliko unavyohitaji.

Asubuhi moja yule mtamba akaanza kulia na kupanda wenzake. Nikapiga simu ushirika mapema. Msichana wa mezani akapokea. Nikamtajia jina langu na kijiji.

"Sawa Mzee, nimekuona," akasema. "Anakuja sasa hivi."

Nikafurahi. Nilimfunga ng'ombe kwenye mti wa kukamulia, mama watoto akaweka maji ya moto, sabuni na taulo kwenye kiti, kama tunavyofanya kwa mpandishaji na glavu yake ya mkono mrefu. Jua likapanda. Maji yakapoa, akapasha mengine, nayo yakapoa. Nikampigia mpandishaji mwenyewe. Ile sauti ya mama wa simu ikasema mteja wa nambari hiyo hapatikani kwa sasa. Kwetu mtu akizima simu tunasema yuko mteja. Nikamwambia mama watoto, "Yuko mteja." Akasema, "Joto halina mteja, Mzee. Likipita limepita."

Ni kweli. Joto la ng'ombe halingoji kesho. Mpaka jioni kama hajapandishwa, umekosa, na ahadi yangu na yule mtu wa kamba ilikuwa imesikika senta nzima.

Ndipo wa Kanisa akapita barabarani na Biblia yake, akasimama kwenye lango.

"Unangoja mpandishaji?" akauliza. "Nimeona pikipiki yake kwa mwenzetu wa Gumboot, asubuhi. Alikuwa anakunywa chai."

Nilishuka kwa miguu mpaka kwa wa Gumboot. Nilimkuta amekaa nje, gumboot mguuni, anakula muwa.

"Mpandishaji alikuja kwako?"

"Alikuja."

"Ulimwita?"

"Sikumwita. Alisema nimeitisha. Akanionyesha simu, jina langu liko hapo."

"Ni jina langu."

"Ni langu pia," akasema, na hapo hakukosea. "Nikafikiri ni zawadi ya ushirika. Wewe ukiletewa zawadi unakataa?"

"Sasa alipandisha ng'ombe yupi?"

"Yule mwekundu."

"Yule mwekundu alikuwa na joto?"

Akatafuna muwa. "Hilo hakuniuliza," akasema.

Ningeweza kumwambia mengi, na tangu siku hiyo nimemwambia mengi. Mtu anayekubali mbegu kwa ng'ombe asiye na joto, kwa sababu tu ni ya bure, huyo hata ukimletea jeneza la bure atalijaribu urefu. Lakini saa ilikuwa inakwenda. Nikakata njia ya shamba mpaka ofisini.

Kijana alikuwepo, ameketi mbele ya kompyuta yake, vile viatu vilivyochongoka vimetokea upande wa pili wa meza. Nikamweleza. Akabonyeza bonyeza.

"Mzee, ng'ombe wako amepandishwa leo asubuhi."

"Ng'ombe wangu amefungwa nyumbani analia."

"Hapa inasema amepandishwa. Mpandishaji amethibitisha, na picha ya lango ameweka. Lango la bluu."

"Mimi sina lango la bluu. Mimi lango langu ni mti umelazwa."

"Lakini kwa sistimu boma lako lina lango la bluu."

"Hilo ni boma la wa Gumboot."

"Mzee, hakuna Gumboot kwa sistimu," akasema, kwa upole, kama vile mimi ndiye nimechanganyikiwa. "Hayo maneno tulitoa. Kwa sasa uko mmoja. Tulichukua ile rekodi iliyojazwa vizuri zaidi."

Ilikuwa ya wa Gumboot, na bibi yake ndiye aliyeijaza. Huyo akipewa fomu anaijaza mpaka nyuma, rangi ya lango, rangi ya choo. Kwa hivyo sisi watatu tukawa yeye.

"Kijana," nikamwambia, "hebu niangalie. Mimi ni mmoja?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na wa Kanisa ni mimi?"

"Kama majina ni hayo, ndiyo."

"Basi nenda umwambie. Yeye ameokoka, mimi bado. Atataka kujua amepotea lini."

Msichana wa mezani akacheka akajifunika mdomo. Kijana hakucheka. Watu wa namna hii hawacheki kwa sababu hawasikilizi. Wanangoja umalize ili warudie walichosema.

"Basi mtume tena mpandishaji," nikasema.

"Haiwezekani. Mteja akishapandishiwa, sistimu inafunga mpaka joto lijalo. Ni kuzuia matumizi mabaya."

"Nirudishe basi tuwe watatu."

"Kutenganisha inahitaji idhini kutoka kwa kamati. Kamati itakaa mwezi ujao."

Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa nimechoka, na hasira yangu ni ya mzee, inapanda haraka na magoti hayawezi kuifuata. Nilimwona yule mnunuzi na kamba yake kama ninavyokuona wewe. Nadhani hata kijana aliona kitu usoni mwangu, kwa sababu alishusha sauti, na hicho ndicho kitendo kimoja cha kibinadamu nilichomwona nacho.

"Mzee, nyumbani kuna mtu mwingine mzima? Mwenye jina lisilofanana na lako?"

"Kuna mama watoto."

"Ni mwanachama?"

"Mwanachama ni mimi. Yeye ni bibi yangu."

"Hawezi kuwa kwenye sistimu kama bibi. Anaweza kuwa kama mteja mpya. Mteja mpya naweza kumfungulia sasa hivi, na mteja mpya anaweza kuitisha."

Nikapiga simu. Alikuja akiwa na kitambulisho mkononi, kitambaa kichwani amekifunga upya, akaketi kwenye kiti cha mbele ya meza, kile ambacho mimi sikuwa nimekaribishwa. Yeye alifika darasa la saba. Kijana akamuuliza jina, akalisoma kwenye kitambulisho, akasema hakuna mwingine kama huyo kijiji kizima. Nilisikia kama vile anamsifu.

"Mama, boma lako liko wapi?"

Akamweleza: mto, daraja la mbao, lango la mti uliolazwa. Kijana akaandika yote, hata mti uliolazwa, na hakusema ni uchafu.

"Na ng'ombe anayehitaji huduma ni wa nani?"

Mama watoto akaniangalia. Mimi nikaangalia pazia.

"Ni wangu," akasema.

"Wako wewe mwenyewe, si wa mzee?"

"Mama yake alitoka kwa baba yangu. Mzee huyu alimfungia kamba tu."

Ningeweza kufungua mdomo. Mbele ya msichana wa mezani, mbele ya kijana wa viatu vya kunguru, mwanamke anasema ng'ombe wa bomani kwangu si wangu, na anaandikwa. Lakini kama ningefungua mdomo, kijana angeanza tena na kamati yake, na joto lingepita. Nikanyamaza. Sijui kama umewahi kunyamaza kwa ajili ya ng'ombe. Ni kazi.

Akabonyeza. Simu ya mama watoto ikalia hapo hapo mfukoni, ujumbe umeingia. Akautazama, akairudisha simu mfukoni.

Mpandishaji alifika jua likikaribia kuzama, amechoka, ananung'unika. "Mimi nafuata simu tu, Mzee," akaniambia. "Simu ikisema lango la bluu, naenda lango la bluu." Kisha akageuka upande wa mama watoto. "Mama, ng'ombe wako ni huyu?" Wako. Miaka yote alikuwa akiniita mimi mwenye ng'ombe, na kwa jioni moja akageuka, kwa sababu simu imesema. Mama watoto akamwonyesha, akamshikia mkia mwenyewe. Mimi nilishika taulo.

Mwezi ukapita. Mtamba hakurudia joto. Kila asubuhi nilikuwa namwangalia kwa kando, kama mtu anayeangalia deni la jirani, na yeye alikuwa anacheua tu. Mnunuzi wa kichinjio akaja kama tulivyopatana, kamba begani, akasimama langoni.

"Mzee, vipi ule mpango wetu?"

"Ngoja," nikamwambia, "niulize."

Alinitazama kama vile hakunisikia vizuri. Katika maisha yangu yote sijawahi kumwambia mnunuzi neno hilo. Nikaenda jikoni. Mama watoto alikuwa anakoroga ugali, hakugeuka.

"Mwambie hauzwi," akasema. "Awe na mimba au asiwe nayo. Umpe chai kwanza, ametoka mbali."

Nikarudi nikampa chai. Tukaongea juu ya mahindi, ambayo kila mtu anaweza kuyaongelea bila aibu. Akaondoka na kamba yake.

Watu wa ushirika nao walikaa kamati yao, wakaahirisha. Mpaka leo sisi watatu bado ni mteja mmoja mwenye lango la bluu. Wa Kanisa aliandika barua kuhusu heshima yake. Wa Gumboot hataki tutenganishwe, anasema mambo yanamwendea vizuri. Yule kijana amepandishwa cheo, nasikia sasa anasafishia watu wa mahindi. Nawaonea huruma wenye majina yanayofanana, na wasio na hata jina la utani nawaonea zaidi.

Jana jioni tulikuwa tumekaa nje, mtamba tumbo limeanza kuonekana upande wa kulia, simu ya mama watoto ikalia. Akaifungua, akaisoma yote taratibu, midomo ikitembea, akatabasamu kidogo mahali fulani katikati. Nikangoja anisomee. Akaizima.

"Ushirika wanasema nini?" nikamuuliza.

"Hiyo," akasema, "ni ya mteja."